UZI: "Lord" ni mlinzi wa mkate, "lady" ni mkanda unga. Na nani alikuwa anasaga?

#1 Mzee wa Kamusi

Wakuu, kwema?

Kuna uzi wa vyeo vya kifalme humu jukwaani ambako mdau alishusha madai kwamba "lord" ni jina la mungu wa kipagani, Baal, lililopenyezwa kwenye Biblia za Kiingereza, na watu wakampigia makofi. Nimeona neno hili tulifungulie uzi wake, maana nyaraka zake zipo na ni tamu kuliko hizo habari za kuokoteza.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa takriban kati ya mwaka 450 na 1100, kilikuwa na neno *hlaford*. Hiyo h iliyo mbele ya l msiiogope, ilitamkwa kweli, pumzi kidogo halafu l. Nayo f ikikaa katikati ya irabu ilisomwa v. Kwa hiyo mdomoni lilikuwa kama "hlavord". Ndani yake yamekaa maneno mawili: *hlaf*, mkate, na *weard*, mlinzi au mtunzaji. *Hlaf* ndiyo "loaf" ya leo. *Weard* ndiyo "ward" na "warden", na ndiyo iliyojibanza kwenye mkia wa jina Edward.

Kwenye maandishi mengi tuliyonayo viungo hivyo viwili vimeshagandana, unaona *hlaford* tu. Umbo lisilobanwa, *hlafweard*, limesalia mara moja, kwenye Zaburi iliyotungwa upya kwa mashairi ya Kiingereza cha kale, pale inaposimuliwa Yusufu alivyowekwa kuwa bwana wa nyumba ya Farao. Yusufu huyohuyo mwenye maghala ya nafaka! Sijui kama mfasiri alilenga au alibahatisha, ila mtu pekee aliyepewa neno hilo kamili ndiye aliyelinda mkate kwelikweli.

Mama wa nyumba yeye ni *hlæfdige*. Hiyo æ ni sauti iliyo kati ya a na e. Kipande cha kwanza ni mkate uleule. Cha pili wataalamu wanakihusisha na kukanda, ndugu wa *dag*, donge la unga, ambalo leo ni "dough", na wa *dæge*, mwanamke wa kukanda. Huyo *dæge* baadaye kazi yake ikahamia kwenye maziwa, ndiyo mnaona "dairy".

Wa tatu hasemwi sana: *hlafæta*, mla mkate. Huyu ni mtumishi, mtu anayekula kwa mtu. Yumo kwenye sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, za mwaka 600 hivi, ambazo ndizo sheria kongwe zaidi zilizobaki kwa Kiingereza. Zinasema ukimuua mla mkate wa *ceorl*, lipa shilingi 6. (Naam, shilingi. Hiyohiyo ya mfukoni mwako imetokea huko.)

Sasa angalieni: *ceorl* hakuwa mtukufu. Alikuwa mkulima huru wa kawaida, na yeye naye ana wala mkate wake. Maana yake *hlaford* hakuzaliwa ikulu. Alizaliwa jikoni, kwenye nyumba yoyote yenye ghala na midomo ya kulisha. Majumba ya mawe, taji na joho vilikuja baadaye sana.

Karibuni.

#2 Chalii wa Daraja Mbili

Siti ya mbele nimeshika. Kwa hiyo mkuu, House of Lords ni bunge la walinzi wa mikate? Na landlord wangu anayenigongea mlango tarehe moja ni mlinzi wa mkate wa ardhi? Huyu wangu anakula mkate, halindi chochote.

#3 Mzee wa Kamusi

Hahaha. Wa kwako umehama maana, kama neno lenyewe lilivyohama.

Ila kuna mdau amenifuata PM anauliza herufi zilienda wapi, kutoka *hlaford* mpaka "lord". Ni hivi. Kwanza h ya mbele ilidondoka. Ile v ya katikati ikalegea, watu wakaandika *laverd* na *loverd*, kisha ikamezwa kabisa. Hili si jambo la neno moja: *heafod* ikawa "head", *hafoc* ikawa "hawk", *hlæfdige* ikapita *levedi* ikawa "lady". Irabu nayo, a ndefu ya zamani kusini mwa Uingereza ikawa o: *stan* ikawa "stone", *ham* ikawa "home". Kaskazini hawakufuata, ndiyo maana Waskoti mpaka leo wana "stane" na "hame", na bwana mwenye shamba kwao ni "laird". Laird na lord ni neno moja lililoachana njiani.

#4 Bint Pwani

Mzee wa Kamusi, shikamoo. Nimesoma #1 mara mbili nikakwama sehemu moja. Baba analinda, mama anakanda, mtumishi anakula. Nani anasaga?

Maana anayezungumza hapa amewahi kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Kukanda ni kazi ya mwisho. Kabla ya kukanda kuna kupura, kupepeta, kusaga mpaka mabega yawake moto, kuchekecha, ndipo upate unga wa kukanda. Hao mababu wa Waingereza unga ulijisaga?

#5 Mzee wa Kamusi

Marahaba binti yangu. Swali hilo ndilo lenye uzi.

Haukujisaga. Rudi kwenye sheria zilezile za Æthelberht. Kuna kifungu cha fidia kwa mtu atakayelala na mwanamke wa nyumba ya mfalme. Kwa msichana wa nyumba hiyo ni shilingi 50. Kwa *grindende þeowa* ni 25. Hiyo herufi þ ni th, na *þeowa* ni mtumwa wa kike. Mtumwa wa kike anayesaga. Yaani kazi ya jiwe ndiyo iliyokuwa cheo chake, na cheo hicho kilipunguza fidia nusu nzima. Na usidhani hata fidia hiyo alipewa yeye, ilikuwa ni kumfidia mfalme kwa mali yake kuguswa.

Kwa hiyo kwenye lugha tuna mlinzi wa mkate, mkanda mkate na mla mkate, wote wana neno lenye *hlaf* ndani. Msagaji hana. Yeye kaachwa nje ya familia ya neno.

Halafu jiulize mkate ulitoka wapi kuja kwa huyo mlinzi. Sheria za Ine, mfalme wa Wessex, za miaka ya 690, zimeandika kodi ya chakula kwa kila shamba la *hide* 10 (hide moja ilikadiriwa ni ardhi ya kutosha kaya moja). Orodha ni hii: mapipa 10 ya asali, mikate 300, pombe ya aina mbili, ng'ombe 2 wakubwa au kondoo 10, mabata bukini 10, kuku 20, jibini 10, siagi, samoni 5, mikunga 100, na majani ya mifugo. Mikate mia tatu! *Hlafa*, kwa neno lilelile. Mkate ulipanda kwenda juu kabla haujashuka kama fadhila.

Mashine za maji ziliwapunguzia wanawake mzigo taratibu. Mfalme William, Mnormani aliyeiteka nchi, alipofanya sensa yake ya mali mwaka 1086, Domesday, vinu vya maji vilivyohesabiwa Uingereza vilikuwa karibu 6,000. Ila navyo vilikuwa vya nani? Vya bwana, na ukisaga unaacha sehemu ya unga.

#6 Fundi Saa

Mkono mtupu haulambwi. Wazee walishamaliza. Huyo *hlaford* alipewa utii kwa sababu ana ghala, siku ghala likiisha tuone nani atamwita bwana.

#7 Mzee wa Kamusi

Fundi, umegusa penyewe, lakini kuna upande wa pili. Na mtu asiye na bwana naye alikuwa hatarini.

Mfalme Athelstan (924 hadi 939) alitoa sheria kuhusu *hlafordleas*, asiye na bwana. Ndugu zake waamriwe wamtafutie bwana mbele ya baraza la watu. Wakishindwa, anahesabiwa mkimbizi wa sheria, na yeyote atakayemkuta anaweza kumuua kama mwizi. Yaani kuwa huru kupita kiasi lilikuwa kosa la jinai, maana serikali haikuwa na polisi. Bwana ndiye aliyekuwa mdhamini wako.

Kiapo kipo pia. Mtu aliapa kumpenda kila anachokipenda bwana wake na kukichukia kila anachokichukia. Kumsaliti aliyemwapia hivyo kuliitwa *hlafordswice*. Alfred, mfalme wa Wessex, kwenye utangulizi wa sheria zake, anasema makosa karibu yote yanaweza kulipiwa faini mara ya kwanza, ila kumsaliti bwana hapana. Na askofu mkuu Wulfstan wa York, kwenye hotuba yake kali ya mwaka 1014 wakati Wadenmark wanaibana nchi, akawataja hadharani: mmemuua mfalme Edward, mmemfukuza mfalme Æthelred. Alimsema kila mtu.

#8 Mbeba Boksi

Wakuu, niko huku Midlands miaka mingi. Nichangie la kuonekana kwa macho.

Tamworth, chini ya ngome, kuna sanamu ya mwanamke ameshika upanga, na kamkumbatia mtoto. Ni Æthelflæd, binti wa Alfred. Iliwekwa 1913, na mwaka 2018 wakaongeza nyingine kubwa ya chuma karibu na stesheni. Huyo mama alitawala Mercia, ufalme wa kale wa huku Midlands, peke yake kuanzia mumewe alipofariki 911 mpaka alipofia hapohapo Tamworth 918. Alijenga maboma, akaiteka Derby mikononi mwa Wadenmark. Cheo chake kwenye kumbukumbu za kale? *Myrcna hlæfdige*, Lady wa Wamercia.

Nilidhani lady ni mtu wa kunywa chai na kofia. Kumbe mkanda unga aliongoza jeshi. Mtoto kwenye sanamu ndiye huyo Athelstan wako wa #7, mpwa wake.

#9 Mzee wa Kamusi

Mbeba Boksi umetisha. Na kwa nini aliitwa *hlæfdige*, si *cwen*, yaani "queen"? Sehemu ya sababu ni kwamba mumewe naye aliitwa *hlaford* wa Wamercia, hakuwa mfalme kamili, alikuwa chini ya Alfred.

Ila kwa upande wa Wessex kuna kisa. Asser, askofu Mwelsh aliyeandika maisha ya Alfred mwaka 893, anasema watu wa Wessex hawakumruhusu mke wa mfalme kuitwa malkia wala kukaa kwenye kiti kando ya mumewe. Sababu anaipeleka kwa Eadburh, binti wa Offa mfalme wa Mercia, aliyeolewa na Beorhtric mfalme wa Wessex. Asser anasimulia alimwandalia sumu kijana mmoja kipenzi cha mfalme, mfalme naye akainywa, wakafa wote. Hiyo ni 802. Bibi akakimbilia kwa Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki, mwisho akafa Pavia akiombaomba. Asser anaandika kwa faida ya ukoo wa Alfred, kwa hiyo mchukue na chumvi yake. Lakini hata Emma, mke wa mfalme Æthelred na baadaye wa mfalme Knut, karne ya 11, kumbukumbu zinamtaja sana kama *seo hlæfdige*, "yule bibi".

#10 Ustadh wa Mchana

Assalaam alaykum. Tumezunguka sana, hoja ya awali bado. Mdau alisema lord ni Baal. Na ni kweli Baal maana yake ni bwana. Mnasemaje?

#11 Mzee wa Kamusi

Waalaykum salaam Ustadh. Baal ni neno la lugha za Kisemiti, maana yake mwenye kitu, bwana, hata mume. Ukilitafsiri kwa Kiingereza utapata "lord". Lakini kutafsiriwa hakukufanyi kuwa mzazi. Kwa mantiki hiyo hata Bwana wa Kiswahili atakuwa Baal.

Isitoshe, Waingereza wa kale walipomtaja Mungu neno lao kuu lilikuwa *Drihten*. Hilo asili yake ni kiongozi wa kikosi cha vita. *Hlaford* lilitumika zaidi kwa bwana wa kibinadamu. *Drihten* likachakaa taratibu, na Biblia ya Wycliffe ya miaka ya 1380 tayari inamwita Mungu "Lord". Hakuna aliyepenyeza kitu. Neno la jikoni lilipanda cheo baada ya lile la vitani kustaafu.

Na *hlaf* yenyewe ilikuwa kwenye sala kila siku. Baba Yetu ya Kiingereza cha kale: *urne gedæghwamlican hlaf syle us todæg*. Mkate wetu wa kila siku utupe leo. Neno "bread" halikuwa na nguvu hiyo bado.

#12 Ustadh wa Mchana

Hapo nimekuelewa. Niongeze tu: kwa Kiarabu *rabb* nayo wanalugha wa kale waliifungamanisha na *tarbiya*, kulea kitu hatua kwa hatua mpaka kikamilike. Na mama wa nyumba ni *rabbat bayt*. Bwana anayelisha na Bwana anayelea hawako mbali.

#13 Chalii wa Daraja Mbili

Mzee, mtaani kwetu kuna watu tunawaita lodilofa. Suti kali, simu kubwa, mfukoni hana nauli. Sasa lodi ni lord. Je, lofa ni loaf? Maana yake lodilofa ni mkate juu ya mkate?

#14 Mzee wa Kamusi

Chalii ningependa iwe hivyo, lakini hapana. Lofa ni "loafer", mtu wa kuzurura, neno lililojitokeza Marekani miaka ya 1830. Linalodhaniwa zaidi ni kwamba limekatwa kutoka Kijerumani *Landläufer*, mzururaji wa nchi. Mkate haumo. Na kwa kweli lodilofa asiye na mkate ndiyo maana yake halisi.

Ila ukitaka undugu wa kushangaza, upo. Wagothi, kabila la kale la jamii ya Kijerumani, walikuwa na *hlaifs*, mkate, na *gahlaiba*, mnayekula naye mkate mmoja. Limo kwenye Biblia yao ya karne ya 4, Yohana 11:16, pale Tomaso anapozungumza na wanafunzi wenziwe. Kilatini kikawa na *companio*: *com*, pamoja, na *panis*, mkate. Wataalamu wengi wanaona hilo ni neno la Kijerumani cha kale lililofasiriwa kiungo kwa kiungo. Kutoka hapo Kifaransa, kisha Kiingereza "company", kisha sisi tukapata kampuni. Kwa hiyo kampuni ni watu wanaomega mkate mmoja. Mwenye kampuni isiyolipa mshahara asome hapa.

Warusi nao waliazima mkate huohuo wakasema *khleb*, na Wafini *leipä*.

#15 Bint Pwani

Na upande wa kukanda? Usituache sisi.

#16 Mzee wa Kamusi

Upande wenu ndio umefika mbali zaidi. Mzizi wa kukanda, ule wa "dough" na nusu ya "lady", ni wa kale kuliko Kiingereza. Maana yake kufinyanga kitu laini, iwe unga, iwe udongo. Kilatini kiliutumia kwa mfinyanzi, ndiyo "figure" na "fiction". Huko Uajemi wakautumia kwa ukuta wa udongo: *pairidaeza*, kilichozungushiwa ukuta. Ikawa jina la bustani ya mfalme. Wagiriki wakasema *paradeisos*, sisi tukapata Paradiso kwa njia ya Wazungu. Na kwa njia ya Waarabu tukapata Firdausi.

Lady na Firdausi, mzizi mmoja. Mtu mwenye mikono kwenye unga na mtu mwenye mikono kwenye udongo.

#17 Fundi Saa

Na yule Alfred aliyeunguza mikate ni huyuhuyu wa sheria?

#18 Mzee wa Kamusi

Huyuhuyu. Januari 878 Guthrum na Wadenmark walivamia Chippenham, Alfred akakimbilia vinamasi vya Somerset, Athelney. Kisa kinasema alijihifadhi kwa mke wa mchunga nguruwe, mikate ikaungua mbele yake akiwa kwenye mawazo, mama akamgombeza: kula unajua, kugeuza hujui. Mei mwaka huohuo akampiga Guthrum pale Edington.

Asser, aliyemjua Alfred uso kwa uso, hakisimulii kisa hicho. Kinaonekana mara ya kwanza kwenye maisha ya Mtakatifu Neot, karibu miaka mia baadaye. Lakini aliyekitunga alikuwa anajua anachofanya: *hlaford* wa nchi nzima ameshindwa kulinda mikate michache, na anayemkaripia ni mkanda unga.

#19 Mbeba Boksi

Swali la mwisho kabla sijaingia shifti. "Husband" nayo ina nini? Kwenye harusi moja huku MC alisema ni "house-band", kamba inayofunga nyumba pamoja. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

#20 Mzee wa Kamusi

Vigelegele vilikuwa vya bure. "Husband" si Kiingereza cha kuzaliwa, lilikuja na Waskandinavia: *húsbóndi*. *Hús* ni nyumba, *bóndi* ni mtu aliyekaa mahali, mwenye makazi, mkulima. Ni mwenye nyumba tu, hata kama hana mke. Mume kwa Kiingereza cha kale alikuwa *wer*, na huyo amebaki kwenye "werewolf", mtu mbwamwitu. Kamba haimo popote.

Na kama MC atang'ang'ania kamba, mwonyeshe "bondage". Imetoka kwa *bonda*, yaani *bóndi* huyohuyo. Alikuwa mkulima mwenye makazi yake. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066 hali za wakulima zikaporomoka, wakafungwa kwenye mashamba ya mabwana, na neno likashuka nao mpaka likawa la utumwa. Kulihusisha na minyororo kulikuja baadaye, kwa sababu tu yanafanana kwa sauti.